Imondo ya Kamati ya Nishati

Mlinifanyia sherehe nzuri, mkanipa blanketi na saa ya ukutani. Blanketi nalitumia. Saa bado sijaelewa mtu aliyemaliza kazi anaambiwa nini nayo, lakini inatembea vizuri. Baada ya keki mkaniomba niwaandikie nyinyi vijana mnaobaki machache kuhusu ukatibu wa Kamati ya Ushauri wa Nishati, maana mlisema nikishaondoka hakuna atakayejua mambo yalikuwa yakiendaje. Hiyo ni kweli. Hata mimi niliyekuwa ndani kuna siku sikujua.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuwa vichache na mishahara mnaijua.

Siku yangu ya kwanza nilifika Lurambi mapema, nimevaa viatu vipya vilivyonibana. Ofisi ilikuwa chumba kirefu nyuma ya jengo la zamani, chenye meza moja kubwa, viti visivyofanana, na dirisha lililotazama jikoni. Jiko lenyewe lilikuwa banda la mabati, na ndani yake Mama Nafula, mpishi wa kamati, alikuwa amekwisha kuwasha kuni. Moshi ulitoka bandani ukaingia mkutanoni bila kupinda. Nikauliza kama dirisha haliwezi kufungwa. Nikajibiwa kwa upole kwamba suala hilo liko kwenye ajenda.

Mwenyekiti alikuwa Mhandisi Andati, mzee aliyemaliza ujana wake akisimamisha nguzo za stima huku magharibi, na ambaye hakuamini sana kitu chochote kisichoning'inia kwenye nguzo. Ndiye aliyenifundisha kazi. Alinionyesha vifaa vyangu: kompyuta iliyonguruma, chupa ya chai, kengele ya shaba ya kunyamazishia watu, na mhuri. Mhuri ulikuwa na neno moja tu, IMESHAURIWA. Ulikuwa mpya kabisa, na kidau chake cha wino kilikuwa bado kwenye nailoni ya dukani. Nikamuuliza unatumika lini.

"Siku tukishauri," akasema.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliendelea kunionyesha jinsi ya kufunga chupa ya chai isivuje.

Kazi ya kamati, kwa karatasi, ilikuwa rahisi. Nairobi walikuwa wakitunga sera ya taifa ya nishati, na kila walipofika mahali pagumu walituandikia kutuuliza watu wa huku wanasemaje. Sisi tungekaa, tungejadili, tungeshauri. Wajumbe walichaguliwa ili kila upande uwe na mtu wake. Kulikuwa na Bwana Wekesa wa Chekalini, mkulima wa mahindi kwenye shamba ambalo babu yake alipewa wazungu walipoondoka Lugari. Kulikuwa na Mzee Makokha, mkulima wa miwa, ambaye tungejadili taa, petroli au upepo, angesubiri kimya mpaka mwisho kisha aulize, "Na makapi ya miwa je?" Wengine walikuja na kuondoka, na baadhi yao nadhani walikuja kwa sababu ya chai tu.

Swali lingefika, tungelijadili kutwa, na jioni ningeandika jibu letu: "Kamati inapendekeza jambo hili liangaliwe zaidi." Niliiandika sentensi hiyo mpaka vidole vikaijua bila mimi. Mhandisi Andati alinifundisha kwamba kumbukumbu za mkutano zina sheria mbili. Ya kwanza, usiandike ni nani aliyesema, andika kilichosemwa. Ya pili, kama kilichosemwa kinaweza kumletea mtu shida, kisahau pia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hamtalikuta kwenye kanuni yoyote, na ndilo lililoendesha kamati.

Kila mkutano Mama Nafula alipika ingokho, kuku mmoja wa kienyeji, mzima, pamoja na obusuma, ugali wetu. Nyama iligawanywa kama kawaida, lakini imondo, yaani firigisi, iliwekwa peke yake kwenye sahani nyeupe katikati ya meza. Mnajua kwetu imondo ni ya mwenye nyumba. Huwezi kuitwaa tu kwa sababu una njaa. Kwenye kamati haikuwa na mwenyewe, hivyo Mhandisi Andati, miaka ya mwanzo kabla sijaja, aliipa kazi. Alikuwa amechoka na wajumbe walioinua mkono kukubali kila kitu, wakafika nyumbani wakasema walilazimishwa. Akaamua kwamba anayekubali jambo kwelikweli ndiye atakayekula imondo, na akishaila, jambo hilo ni lake. Atalitetea kwa watu wake na atalianza nyumbani kwake mwenyewe. Imondo ikiliwa, tumeamua. Ikirudi jikoni ilivyo, hatujaamua, hata kama tumepiga kura mpaka mikono ikauma.

Msidhani ulikuwa mchezo. Kabla hata sijajua vizuri majina ya wajumbe, tulijadili taa zinazookoa stima. Mhandisi Andati mwenyewe alikula imondo. Jioni hiyohiyo alifika kwake akafungua balbu zake zote za zamani akazitupa. Taa mpya zilikuwa hazijafika Kakamega. Alikaa gizani muda mrefu, na mkewe alinipigia simu kuniuliza ni nani hasa aliyempikia mumewe kuku. Baadaye tukasikia redioni kwamba Nairobi walikuwa wameshaamua hilo la taa hata kabla hatujakaa. Mhuri ukarudi kwenye droo na nailoni yake. Lakini hakuna aliyemcheka mzee. Alikuwa amekula.

Kwa hiyo mtaelewa kwa nini suala la kuni lilitushinda.

Nairobi waliuliza mapema sana: je, watu wa huku wako tayari kuacha kupikia kuni? Kila mmoja mezani alisema ndiyo. Tulieleza kwa ufasaha habari ya macho, mapafu, na msitu unaoliwa. Kisha sahani nyeupe ikawekwa katikati, na ghafla kila mtu akapendezwa na ugali wake. Bwana Wekesa alikuwa na shamba la mikaratusi na aliuzia shule karibu zote za upande wake kuni. Mzee Makokha alisema yeye angekula bila wasiwasi, tatizo ni kwamba angelazimika kumwambia mke wake, na mke wake hakuwa mjumbe wa kamati. Imondo ilipoa mafuta yakaganda juu yake. Mama Nafula akaja akaichukua. Tukaandika liangaliwe zaidi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mkutano baada ya mkutano. Imondo za kuni zilizorudi jikoni zilikuwa nyingi kiasi kwamba paka wa Mama Nafula alikuwa mnene kuliko mjumbe yeyote.

Wengine walichukulia hivyo tu. Mimi nilikuwa na sababu yangu, nayo ilikuwa inaishi Iguhu.

Mama yangu alikohoa. Alikuwa amekohoa tangu nikiwa shule, lakini miaka hiyo kikohozi kilianza kumkalisha chini. Nilimpeleka hospitalini, daktari akamsikiliza kifua, akaniambia kando kwamba dawa atampa, ila moshi usipotoka jikoni dawa zitakuwa zinapigana na mafiga. Nikamnunulia mama mtungi wa gesi na jiko lake. Alinishukuru sana, akaniombea. Niliporudi baada ya wiki chache nikakuta mtungi umefunikwa kitambaa cheupe alichokishona mwenyewe, na juu ya kitambaa redio.

Nilikasirika, nakiri. Nilimuuliza kwa nini anataka kufa na kitu cha kumwokoa kimekaa palepale kimevaa kitambaa. Yeye hakukasirika. Mama alikulia enzi ambazo chifu akisema chimbeni choo, mnachimba, akisema pandeni miti, mnapanda, na asiposema kitu hakuna anayejisumbua. Kwake jambo kubwa kama kuzima mafiga halikuwa la mtu na binti yake.

"Wewe si ndio unashaurianga serikari?" akaniuliza. "Basi kamati yenu ikisema kuni iishe, mimi nitazima siku hiyo. Lakini wewe peke yako, hapana. Wewe ni Rispa tu."

Nikamwambia nitaleta karatasi. Akasema sawa, atangoja. Halafu akakohoa, akaongeza kuni.

Mkiona mtu ana kazi ya kushauri taifa zima na hawezi kumshauri mama yake, msimcheke haraka. Nilirudi Lurambi nikiwa na nia moja tu, kamati itoe sentensi moja iliyo wazi kuhusu kuni. Niliiweka kwenye ajenda ya kila mkutano. Nilihamisha kiti cha Mzee Makokha nikakisogeza karibu na sahani. Nilimwomba Mama Nafula aikaange imondo na vitunguu, labda harufu ingemshawishi mtu. Bwana Wekesa aliisifu sana ile harufu. Alisema hajawahi kuona imondo nzuri namna ile, kisha akasukuma sahani polepole kuelekea kwa mwenyekiti. Mwenyekiti akaisukuma kuelekea kwa Makokha. Walikuwa na adabu sana katika kuikataa. Jioni paka akala.

Sikuwahi kufikiria kuila mwenyewe. Katibu haamui, anaandika. Na zaidi ya hilo mimi ni mwanamke, na nyumbani kwetu nilishafundishwa. Mama ndiye aliyechinja, akanyonyoa, akapika, akiwa amepiga magoti kwenye moshi machozi yakimtiririka, kisha akaitoa imondo akaiweka kwenye kibakuli cha baba. Siku moja nikiwa mdogo nilinyoosha mkono, akaupiga kwa mwiko. Baba alipofariki nilidhani sasa itabaki kwetu. Haikubaki. Ilivuka ua ikaenda kwa baba mdogo. Baba mdogo alipohamia mjini, ikawa ya mchungaji. Mama amepika kuku maisha yake yote na sijamwona akiionja.

Ndipo ikaja siku ya jopo.

Nairobi waliandika kwamba rasimu ya sera ya nishati ya kupikia iko tayari kufungwa, na kwamba jopo la wataalamu litazunguka kuchukua ushauri wa kamati zote. Kamati ambayo ingekuwa haijasema kitu wazi siku ya kufikiwa ingeandikwa kwamba haina maoni, na swali la kuni lisingerudi kwake tena. Niliisoma barua hiyo nikawaza kile kitambaa cheupe juu ya mtungi. Nikajua kama siku hiyo ikipita, mama atangojea karatasi mpaka mapafu yaishe.

Jopo liliongozwa na Daktari Mutheu, mwanamke mpole, msomi wa mambo ya nishati, aliyesema Kiswahili safi na kusikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ametuandalia jambo zuri. Badala ya Mama Nafula kupika, yeye na wasaidizi wake wangepika chakula cha mchana kwa sufuria za presha za umeme, mbele ya macho yetu, ili tuone wenyewe. Walikuja nazo tatu, zinang'aa. Kuku pia walikuja nao kutoka Nairobi. Mama Nafula alikaa mlangoni kwenye kigoda, mikono imekunjwa, na moto wake ukiwaka nyuma kama kawaida kwa sababu hakuna aliyemwambia auzime.

Mkutano ulikwenda vizuri kuliko yote niliyoiona. Daktari alieleza, akauliza, akajibu. Mzee Makokha aliuliza kuhusu makapi ya miwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mtu akamjibu. Alionekana amepotea kidogo. Kisha Daktari akaomba tupige kura. Mikono yote ikainuka. Daktari alifurahi, akawashukuru wajumbe, akaanza kufunga kompyuta yake.

Bwana Wekesa akamwambia asiwe na haraka. "Sasa tungoje imondo, tujue kama tumekubali."

Chakula kikaletwa. Kuku alikuwa laini, ametoka kwenye sufuria bila moshi wala jasho, na kila mtu alimsifu. Sahani nyeupe ilibaki tupu katikati ya meza. Wajumbe waliitazama, wakanitazama mimi, mimi nikamtazama Daktari. Nikamuuliza kwa sauti ya chini imondo iko wapi. Akaniuliza imondo ni nini. Nilipomweleza, akawageukia wasaidizi wake, nao wakasema kuku walinunuliwa supamaketi, vipande tupu vilivyopakiwa. Hawakuwa na firigisi. Hakuna aliyejua firigisi zao ziliishia wapi.

Mhandisi Andati alipiga kengele ya shaba, ingawa hakuna aliyekuwa akipiga kelele. Akasema kwa masikitiko kwamba kamati haiwezi kuamua kwa kuku asiye na imondo. Daktari akauliza hilo liko kwenye kanuni gani. Akajibiwa kwamba haliko. Akauliza kura je. Akajibiwa kwamba kura ilikuwa nzuri sana. Alikaa chini, akavua miwani, akaisafisha muda mrefu. Wenzake walikuwa na safari ya Bungoma alasiri ileile, na rasimu ilikuwa inafungwa. Niliona kwenye uso wake kwamba anatafuta kwa moyo mweupe namna ya kutuandika kuwa hatuna maoni.

Nikasimama nikasema jogoo atafutwe. Sikuwa na ruhusa ya kusema. Mwenyekiti alinitazama, akatikisa kichwa kukubali, na dereva wa jopo akatumwa sokoni Lurambi na gari la serikali. Alirudi na jogoo wa kienyeji kwenye kiti cha nyuma, amefungwa mkanda. Mama Nafula akainuka, akamfanya alivyojua kumfanya, imondo ikapasuliwa, ikaoshwa, ikamenywa ile ngozi ya ndani. Aliponyoosha mkono kuipeleka kwenye moto wake, Daktari Mutheu akamzuia kwa upole. Ushauri ni kuhusu umeme, alisema, basi ipikwe kwa umeme. Hakuna aliyeweza kubishana na hilo. Imondo ikaingia kwenye sufuria ya presha peke yake, kifuniko kikajifunga kwa mlio mdogo.

Baada ya muda kidogo stima ikapotea.

Mnaijua Kakamega. Taa zilizimika, kompyuta yangu ikaacha kunguruma, na ile sufuria ikakaa kimya na uamuzi wa kamati umefungiwa ndani. Mzee Makokha alijaribu kufungua, Daktari akamkataza, akaeleza kwamba presha lazima ishuke yenyewe. Tulikaa tukaizunguka kama watu wa matanga. Mhandisi Andati alikwenda dirishani akatazama nguzo ya nje na kuanza kueleza ilisimamishwa na nani na kwa nini imeinama. Kifuniko kilipokubali kufunguka, Mama Nafula alichoma imondo kwa uma. Uma ukagoma.

"Hii ni mbichi," alisema, akaichukua, akatoka nayo.

Ndipo ukazuka mjadala mrefu kuliko wowote niliowahi kuusimamia. Imondo ya kuacha kuni ilikuwa inamalizikia kwenye kuni. Bwana Wekesa alishikilia kwamba kitu ni cha mahali kinapoiva, kwa hiyo uamuzi huo umeshaharibika. Mzee Makokha alisema hapana, imondo ilianza kwa stima, na mtoto ni wa ukoo wa babake hata kama amelelewa kwa wajomba. Wajumbe wakagawanyika. Daktari Mutheu aliinua mkono akauliza kama kuna mtu anasikia tunachokizungumza. Mhandisi Andati akamshukuru kwa swali hilo, akaamua kwamba pande zote mbili ziandikwe. Niliandika kwa mkono, kwa mwanga wa dirishani, moshi wa Mama Nafula ukiingia na kunichoma macho.

Imondo ikaja. Safari hii ilikuwa imeiva, angalau upande wa chini. Ikawekwa kwenye sahani nyeupe.

Sahani ikaanza kuzunguka kwa ile adabu niliyoizoea. Wekesa kwa Makokha, Makokha kwa mwenyekiti. Mwenyekiti akaisukuma mpaka kwa Daktari Mutheu, kwamba mgeni apewe heshima. Daktari, akiwa na nia njema kabisa, alisema asante sana, lakini yeye hali matumbo ya kuku. Nilisikia pumzi za watu zikiingia ndani. Akaitelezesha pembeni aitoe mbele yake, na pembeni yake nilikuwa mimi, na kalamu.

Niliitazama. Ilikuwa imeanza kupoa, mafuta yakianza kuganda kama zote zilizotangulia. Nje Mama Nafula alikohoa, na kilikuwa kikohozi kilekile cha Iguhu, kikavu, kinachokatika katikati. Sikufikiri tena. Niliweka kalamu chini, nikaichukua imondo kwa mkono, nikala.

Ilikuwa ngumu. Nilitafuna muda mrefu, na chumba kizima kilinisikiliza nikitafuna. Nilipomeza, Mzee Makokha alifungua mdomo, nadhani alitaka kuuliza kuhusu makapi, lakini akaufunga. Wote wakamgeukia mwenyekiti. Mhandisi Andati akasema kwamba aliposema anayekubali ale, hakusema ni nani asile. "Imeliwa," akasema. "Madam Katibu, aliyekula ndiye anasema. Sema."

Nikasema kwamba kamati inashauri moshi utoke majikoni, na ya kwamba nyumba ambazo stima haijafika au haikai zisaidiwe kupata gesi kwanza, zisiambiwe zingoje. Daktari Mutheu aliandika haraka haraka kama mtu anayeogopa imondo nyingine isije ikatokea.

Ulibaki mhuri. Niliutoa kwenye droo, nikapasua ile nailoni iliyongoja miaka yote hiyo, na kidau kilikuwa kimekauka mpaka kimepasuka. Nikakitemea mate, nikakipigapiga, wapi. Mama Nafula alikuwa ameingia kuchukua sahani. Aliona, akatoka, akarudi na sufuria yake nyeusi. Akakwangua masizi ya chini, akayachanganya na tone la mafuta ya kupikia, akanisogezea. Hivyo ushauri wetu wa kwanza na wa pekee kwa taifa, wa kuondoa moshi jikoni, ulipigwa mhuri kwa masizi. Nakala moja ikaenda na Daktari. Nyingine nikaikunja nikaiweka kwenye mkoba wangu.

Niwaambie kwanza yaliyotokea Nairobi, kwa sababu si muhimu. Sera ilipotoka, tuliikuta sentensi yetu ndani, imevaa vizuri: moshi utoke majikoni, kwa kadiri itakavyofaa, baada ya jambo hili kuangaliwa zaidi. Mhandisi Andati aliisoma mara mbili akasema angalau wametunukuu. Bwana Wekesa anaendelea kuuza kuni shuleni. Mzee Makokha alikwenda akamweleza mke wake kwamba imondo haikuliwa na yeye, na amani ikawepo.

Ila jioni ya siku ile ya jopo nilikwenda moja kwa moja Iguhu. Mama alikuwa jikoni, amepiga magoti, anapuliza. Nilikaa kwenye kigoda, nikatoa karatasi, nikamsomea. Alinitaka niirudie. Nikairudia. Akaipokea, akaishika karibu na moto aione, akapitisha kidole gumba juu ya mhuri. Kidole kikatoka cheusi.

"Hii ni masizi ya sufuria," akasema.

Nikamweleza yote, kuku wa supamaketi, jogoo kwenye mkanda, stima kupotea. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamshikilia mabega mpaka kikapita. Alipopata pumzi aliacha kucheka. Akaniuliza imondo ililiwa na nani.

"Na mimi, Mama."

Nilidhani ataniuliza ni nani aliyeniruhusu, au atatafuta mwiko. Alitazama mafiga yake, akatazama mikono yake, na aliposema tena sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Inakuwanga na ladha gani?"

Nikamwambia ilikuwa ngumu upande mmoja, lakini nzuri. Nzuri sana.

Mama akainuka kwa kushikilia ukuta. Akaitoa redio juu ya mtungi, akakikunja kile kitambaa cheupe vizuri, akakiweka begani. Kisha akamwaga maji kwenye moto wake yeye mwenyewe, na jivu likapanda mpaka darini.

"Washa hii kitu yako," akasema. "Na ukamate ule jogoo mwekundu. Imondo yake ni yangu."

Niliwasha gesi, nikatoka nje kumtafuta jogoo.